Seti ya vikombe 24 vya hijama: nzuri kwa hijama kavu nyumbani, haifai kuchanjia

Maduka mengi ya dawa za Sunna, yale yenye asali, habasoda na mafuta ya zeituni, siku hizi yanauza pia boksi la vikombe vya hijama, yaani vya kuumika. Ndani mna vikombe 24 vya plastiki angavu vya ukubwa mbalimbali, pampu ya mkono yenye kishikio kama cha bastola, mpira wa kuunganishia, visumaku vyenye ncha, na karatasi yenye picha ya mwili iliyojaa nukta.

Pampu ndiyo uzuri wa seti hii. Wazee wa pwani walipoumika kwa chuku ya pembe, mwumishi alifyonza hewa kwa mdomo kupitia tundu dogo, kisha akaliziba kwa nta. Pampu inafanya kazi ileile bila mdomo wa mtu kusogelea damu, na nguvu ya mvuto unaidhibiti mwenyewe kwa kuhesabu mivuto. Hakuna moto, kwa hiyo hakuna kuungua.

Kwa hijama kavu, yaani kuvuta ngozi kwa kikombe bila kuichanja, osha ngozi kwa sabuni, ifute, kisha paka mafuta kidogo sana ya zeituni pale ukingo wa kikombe utakapokaa. Sehemu nzuri ya kuanzia ni penye nyama, katikati ya mabega, mahali ambapo hadithi zinataja kuwa Mtume (s.a.w.) aliumikwa. Usiweke juu ya uti wa mgongo wenyewe. Weka kikombe, bandika pampu, vuta mara 2 au 3 tu. Ngozi ikishainuka kama sentimita 1, inatosha. Mara ya kwanza acha dakika 3 hadi 5. Baadaye usipite 10. Kutoa, inua kijiti cha valvu (kizibo cha hewa kilicho juu ya kikombe) hewa iingie. Ukikivuta kikombe kwa nguvu utaichubua ngozi.

Kikombe kikidondoka, mara nyingi sababu ni nywele, mfupa ulio karibu na ngozi, au kijiti cha valvu ambacho hakijakaa chini. Malengelenge yakitokea, ama umevuta kupita kiasi ama umekiacha muda mrefu. Pampu ikilegea, mpira ulio ndani yake umekauka: tia tone la gliserini, si mafuta ya kupakaa, kwa sababu mafuta huharibu mpira.

Visumaku viache ndani ya boksi. Havina faida iliyothibitishwa, na mtu aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asivikaribie kabisa. Na ile karatasi inayodai nukta hii ni ini na ile ni figo, isiwe ndiyo inayokuongoza.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka. Hewa ikipungua ndani ya kikombe, ngozi huvutwa juu, mishipa midogo hutanuka na mingine hupasuka. Alama nyekundu au ya zambarau ni damu iliyovujia chini ya ngozi. Weusi wake hutegemea nguvu ya mvuto na muda, si wingi wa ugonjwa. Tafiti nyingi zimeangalia maumivu ya shingo na ya kiuno, na baadhi zimeonyesha nafuu ya muda mfupi. Udhaifu wa tafiti hizo ni kwamba mgonjwa hawezi kufichwa kama ameumikwa kweli au la.

Maelezo ya “damu chafu” yanayotolewa na wauzaji hayasimami. Damu inayoganda kama jeli ndani ya kikombe imeganda kwa sababu damu yoyote ikitoka nje ya mshipa huganda. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo. Muumini hapotezi kitu kwa kulikubali hili: hadithi ya Ibn Abbas katika Sahih Bukhari inataja ponyo katika asali, chanjo ya hijama na kuchoma kwa moto, huku kuchoma kukikatazwa, na haikujenga hoja yake juu ya sumu.

Kwa hijama ya damu, ile ya kuchanja ngozi, seti hii isitumike. Mvuto hupandisha damu hadi kwenye valvu, na mara nyingine hadi kwenye mpira wa pampu, penye vijitundu ambavyo brashi haifiki. Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi juu ya kitu kwa siku 7 au zaidi. Vikombe vingi vya bei nafuu hupinda kwenye joto la nyuzi 121 la mashine ya kutakasia vifaa. Kuviloweka kwenye Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, kwa dakika 10, kunatosha kwa vikombe vya hijama kavu vilivyokwisha kuoshwa kwa sabuni. Hakuvigeuzi kuwa vipya.

Anayetaka kuchanjwa aende kwa mtaalamu aliyesajiliwa, amwone akifungua vikombe na wembe vipya mbele yake, akivaa glavu, na wembe ukitupwa kwenye boksi la vyenye ncha kali. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inamfanya anayetibu bila kujulikana kwa utabibu awe mdhamini wa madhara. Wenye selimundu, upungufu wa damu, hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), au wanaotumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) wasichanjwe bila daktari wao kujua. Aliyefunga naye angoje usiku: kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi hijama haibatilishi saumu, kwa wa Hanbali hubatilisha, na kwa vyovyote mwili uliopungukiwa maji huzimia upesi.

Kabla ya kulipa, bandika kikombe kimojakimoja kwenye kiganja, vuta mara 2, uhesabu hadi 60. Kinacholegea kabla ya hapo, mwambie muuzaji akibadilishe palepale.