Darasa la Kichina la jioni Kampala: le, guo na zhe

Nimemaliza muhula mmoja wa darasa la Kichina la jioni hapa Kampala, na somo lililonifanya nisiijutie ada yangu ni lile la vijineno vinavyofuata kitenzi. Mwalimu, ambaye ni Mganda, alitutahadharisha mapema kwamba Kichina hakina viambishi vya wakati kama -li- na -ta-, kwa kuwa vijineno hivi huonyesha hali ya tendo, yaani kama limekamilika, linaendelea au limewahi kutokea. Aliandika ubaoni “tā qùle Zhōngguó”, amekwenda China na huenda bado yuko huko, kisha akafuta le na kuweka guo: “tā qùguo Zhōngguó”, amewahi kwenda China, na kwa kawaida ameshatoka huko. Silabi moja tu, na msafiri amerudi nyumbani! Zhe ilipita upesi: “mén kāizhe”, mlango uko wazi.

Kitini ndicho kilichoniudhi. Mbali na alama za toni kufifia kwa kurudufishwa mara nyingi, kinadai kwamba le ni wakati uliopita, ilhali Mchina husema “míngtiān wǒ chīle fàn jiù zǒu”, kesho nikishakula nitaondoka, ambapo -sha- yetu inaikaribia le kuliko -li-. Nilipouliza ofisini, nilijibiwa kwamba vitini vimeshachapwa. Hata hivyo nimejiandikisha kwa muhula wa pili, kwa ajili ya mwalimu yuleyule.