Uzoefu wangu na Children of a Dead Earth: vita vya anga kwa macho ya fundi friji

Mimi ni fundi friji. Nafunga AC, najaza gesi, natengeneza majokofu ya mabucha, na kwa miaka 14 kazi yangu imekuwa kutoa joto mahali lisipotakiwa na kulitupa kwingine. Nalisema mapema kwa sababu hukumu yangu juu ya mchezo huu imetokana na kazi hiyo. Children of a Dead Earth ni mchezo wa kompyuta, na wenyewe wanauita mchezo wa vita vya anga. Mimi, baada ya saa kama 60, nauita mchezo wa rejeta wenye bunduki pembeni.

Aliyeniletea ni mpwa wangu, yuko kidato cha sita, anasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Aliununua Steam, duka la michezo la mtandaoni, kwa kadi ya mtandaoni ya simu yangu (anadai nilimruhusu), tukauweka kwenye laptopu yangu ya mtumba. Mchezo ulitoka mwaka 2016. Humo hakuna injini za miujiza wala ngao za mwanga. Mtambo wa nyuklia, bomba la injini, unene wa bati la chombo, vyote vinakokotolewa kwa fizikia inayofundishwa madarasani, na medani ni mfumo wetu huu wa Jua: Mirihi, Zohali, mawe makubwa kama Vesta. Unaweza kupigana na vyombo ulivyopewa, au ukaingia karakana na kujiundia chako kipande kwa kipande. Mimi nilikimbilia karakana, na huko ndiko nilikoaibikia.

Chombo changu cha kwanza nilikipa leza kubwa, na puani nikakivalisha bati zito. Nilijiona mjanja. Adui hakuhangaika na bati. Risasi zake zilikuja ubavuni, zikachana rejeta zilizotokeza kama mapezi ya samaki, moja baada ya nyingine. Tumbo halikutobolewa. Wahudumu walikuwa wazima na mafuta yalikuwa tele. Ila mtambo ukikosa pa kutupia joto haufanyi kazi, na mtambo usipofanya kazi hakuna umeme, na leza bila umeme ni kioo tu. Tukabaki tunaelea kama jokofu lililochomolewa kwenye soketi.

"Mjomba, si ungezifunika hizo rejeta kwa chuma?" mpwa akauliza.

Nikamwambia afikirie kile kibanda ambacho wateja wangu hupenda kukijenga juu ya mashine ya nje ya AC ili isiibiwe. Wanaifunika vizuri, wiki mbili baadaye wananipigia simu kwamba nyumba haipoi. Rejeta isiyoona nje haifai kitu. Na angani hali ni ngumu kuliko Dar, maana huku nina feni na nina hewa. Feni inasukuma hewa kwenye kondensa, yaani rejeta ya ile mashine ya nje, hewa inabeba joto, kazi imekwisha. Kule ni ombwe, hakuna hewa kabisa. Watu hudhani angani kuna baridi hivyo kila kitu kitapoa chenyewe. Chupa ya chai nayo ina ombwe kati ya kuta zake, na ndiyo sababu chai inakaa moto tangu asubuhi. Angani joto lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mionzi.

Hapo ndipo mchezo uliponikamata, kwa sababu mlango huo una sheria ya ajabu. Mionzi inakua kwa kipeo cha nne cha halijoto. Ukizidisha halijoto mara mbili, joto linalotoka linazidi mara 16. Nilichukua kikokotoo. Kondensa ya AC ya kawaida inafanya kazi kwenye nyuzi 47 za Selsiasi hivi, yaani kelvini 320 (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia sifuri kabisa, pasipo na joto lolote). Kwa joto hilo mita moja ya mraba inatoa kwa mionzi wati 595 hivi, hata ikiwa nyeusi kabisa. AC ndogo ya chumba, ile ya BTU 12,000, inatupa nje kama kilowati 4.5. Kwa hiyo ukiifunga kwenye chombo cha anga utahitaji bamba la karibu mita 8 za mraba kwa chumba kimoja cha kulala. Sasa pandisha bamba hilo hadi kelvini 1,800, liwake rangi ya chungwa: mita ileile inatoa kilowati 595. Mara 1,000. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Kinachofuata kilinisumbua zaidi kama fundi. Huku chini mashine yoyote ya joto unataka upande wake wa baridi uwe baridi iwezekanavyo, ndipo upate ufanisi. Karakana ya mchezo inakusukuma kinyume. Rejeta baridi ni kubwa, nzito, na inapigwa kirahisi. Kwa hiyo unaiacha iwe ya moto, unakubali mtambo upoteze nishati nyingi, mradi rejeta iwe ndogo. Mpwa ndiye aliyekaa na daftari akatoa jibu: kwa mtambo ulio kamili kinadharia, rejeta inakuwa ndogo kuliko zote pale halijoto yake inapokuwa robo tatu ya ile ya mtambo. Mtambo wa kelvini 2,400, rejeta ya 1,800. Maana yake ni kwamba hata kwa nadharia unapata robo tu ya nishati kama umeme, robo tatu unaitupa nje kwa makusudi. Fundi wa huku akifanya hivyo anafukuzwa kazi.

Wanaodhani haya ni ya kwenye kompyuta tu watazame picha za Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Yale mabamba meupe yaliyokunjwa kama kodiani si ya jua, ni rejeta, na kinachozunguka ndani yake ni amonia, ileile ya viwanda vya barafu.

Ukishaelewa hilo, mbinu za vita zinajipanga zenyewe. Leza, kwa mfano. Tuseme ufanisi wake ni asilimia 25: kila megawati moja unayompiga adui, megawati 3 zinabaki kwako. Anayefyatua anajichoma kuliko anayepigwa, tofauti ni kwamba yeye ana rejeta. Ndiyo maana siku hizi nikikutana na adui mwenye leza siangalii leza. Naangalia mapezi. Na changu nakielekeza pua kwake, rejeta zikiwa zimelala sambamba na mstari wa risasi, aone ncha zake tu. Kugeuza ubavu ili bunduki zote zifyatue ni raha ya dakika moja.

Kujificha nako kumekufa. Mpwa alikuwa na mpango mzuri sana wa kuzima kila kitu na kuvizia nyuma ya jiwe. Lakini chombo chenye watu lazima kibaki na joto la chumba, kelvini 290 hivi, na kila mita ya mraba ya joto hilo inatoa wati 400 kwenye anga ambayo joto lake la nyuma halizidi kelvini 3. Ni kuwasha koroboi kwenye shamba lenye giza. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kina redio ya wati 20 na kitu, chini ya balbu ya zamani, na bado antena kubwa za Dunia zinaisikia kutoka zaidi ya kilomita bilioni 20. Ni kweli wanajua mahali pa kuitafuta. Ila injini ya nyuklia si wati 20. Unaweza kujificha nyuma ya mwezi au sayari, lakini mzingo wako, yaani njia unayozungukia, utakutoa upande wa pili, na adui ameshakokotoa saa utakayotokeza.

Kuhusu mizingo sitasema mengi, maana ndipo wengi watakapoacha mchezo. Kumfikia aliye mbele yako kwenye mzingo uleule hukanyagi mafuta. Unapunguza mwendo, unashuka, mzingo wako unakuwa mfupi, unampita kwa chini, kisha unapanda. Usijione mjinga likikushinda. Juni 1965 James McDivitt, rubani hasa, alijaribu ndani ya Gemini 4, chombo cha anga cha Marekani, kusogelea kipande cha roketi yake mwenyewe kwa kukielekea moja kwa moja, akaishia kuunguza mafuta na kuachana nacho. Miezi 6 baadaye Gemini 6A na Gemini 7 walifanikiwa, wakakaribiana hadi sentimita 30 hivi. Mimi ilinichukua wikiendi mbili, na niliunguza mafuta mengi kuliko McDivitt.

Bunduki ndizo zilizonishangaza kwa udhaifu wake, halafu kwa nguvu zake. Risasi ya kilo moja inayokuja kwa kilomita 3 kwa sekunde inabeba megajuli 4.5, sawa na kilo moja ya TNT na ushee, kwa hiyo baruti ndani yake ni mzigo wa bure. Tatizo ni kufika. Ukimpiga mtu aliye kilomita 300, risasi inasafiri sekunde 100. Kwa muda huo, chombo kizito na kizembe kinachoongeza mwendo kwa sehemu moja ya mia ya mvutano wa Dunia kinasogea karibu mita 500. Hakipo tena ulipolenga. Basi bunduki ni za karibu, au za kumwaga risasi nyingi kama mvua ili asiwe na pa kukwepea. Leza inafika papo hapo lakini mwale unatanuka: kioo cha mita moja na mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), kwenye kilomita 1,000 doa lake lina upana wa mita 2 na nusu hivi. Hapo hukati kitu, unapasha. Na ni kitu gani kwenye chombo kinachochukia kupashwa? Tumerudi kwenye rejeta.

Kwa wanaodhani ni ndoto tupu: Wasovieti waliwahi kufunga mzinga wa milimita 23 kwenye kituo chao Salyut 3. Januari 1975, wahudumu wakiwa wameshaondoka, ukafyatuliwa kutoka mbali. Ulikuwa umefungwa palepale, kulenga ilibidi ugeuze kituo kizima. Nilipolisoma hilo nilicheka, kwa sababu chombo changu cha tatu kilikuwa hivyohivyo na nilidhani nimebuni mimi.

Mpwa hakukubali kushindwa. Akasema mchezo umejibana na teknolojia ya leo. Zikija injini za muunganiko wa nyuklia, habari ya rejeta kwisha. Tukafanya hesabu kwenye karatasi ya risiti. Injini inayosukuma kwa nguvu ya nyutoni milioni moja, moshi wake ukitoka kwa kilomita 100 kwa sekunde, inahitaji gigawati 50. Tukaipa bahati ya ajabu: asilimia 1 tu ya joto ibaki ndani ya chombo. Hiyo ni megawati 500. Kwa rejeta zetu za kelvini 1,800 ni mita za mraba 840, viwanja viwili kamili vya mpira wa kikapu vinavyowaka rangi ya chungwa, na adui anavitazama. Kadiri unavyoota injini kubwa ndivyo unavyoota rejeta kubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa mjomba, lakini kwenye filamu hazionyeshwi." Hilo sikulipinga.

Sasa, unafaa kununuliwa? Inategemea wewe ni nani. Mchezo uko kwa Kiingereza kizito cha kihandisi, na karakana yake inafanana na fomu ya kodi: vizimba vya namba, halijoto ya kuingia, halijoto ya kutoka, unene kwa milimita. Ukikosea namba moja chombo kinakuwa na uzito wa meli ya mizigo. Hakuna hadithi ya kukushika moyo, hakuna mtu utakayemkumbuka kwa sura. Mapambano yenyewe ni mafupi. Unapanga saa nzima, mnapishana kwa dakika chache, basi. Mpwa wangu, aliyeuleta, aliacha baada ya wiki na kurudi kwenye mpira. Mwanafunzi wa fizikia mwenye subira utamfaa kuliko vitabu vya marudio. Kwa fundi yeyote wa majokofu, mitambo au rejeta za magari, nauombea nafasi bila kusita, hata kama hujawahi kugusa mchezo wa kompyuta.

Neno juu ya laptopu. Pambano likiwa na makombora mengi, yangu inapata moto hadi huwezi kuiweka mapajani, na feni yake inalia kama ya daladala. Niliifungua, nikatoa vumbi la miaka, nikabadilisha ile dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa. Ikasaidia kidogo. Sasa nacheza baada ya saa 5 usiku chumba kikishapoa, dirisha wazi, laptopu imesimamishwa juu ya kipande cha kondensa chakavu nilichokitoa karakana kwangu.