Uzoefu Wangu: Wasafisha Madirisha Waliokataa Sehemu ya Kazi

Tathmini hii inahusu huduma ya kusafisha madirisha niliyopata nyumbani kwangu Mbezi Beach, Dar es Salaam, kutoka kwa vijana watatu ambao namba yao nilipewa na jirani. Hawana ofisi wala bango, na wenyewe waliomba nisiwataje kwa jina kwa sababu wateja walio nao wanawatosha, jambo ambalo nililiona la ajabu kwa mfanyabiashara wa mji huu hadi nilipoona namna wanavyopokea na kukataa kazi. Nitaeleza kazi waliyoifanya, lakini nitakaa zaidi kwenye ile waliyoikataa, kwa kuwa naamini humo ndimo mteja anapoweza kumpima mtoa huduma wa aina hii.

Nyumba yangu ni ya ghorofa moja na ina madirisha 18 ya alumini ya kusukuma, yenye nyavu za mbu kwa nje na grili kwa ndani. Haiko mbali na bahari, hivyo wakati wa kaskazi vioo vya upande wa mbele hupata utando wa chumvi unaochanganyika na vumbi la barabara hadi mtu akitazama nje huona kama kuna ukungu. Upande wa mashariki kuna bustani inayomwagiliwa maji ya kisima, na maji hayo yamekuwa yakirukia kioo kikubwa cha sebuleni kwa miaka. Ghorofani, kwenye chumba cha watoto, kuna dirisha ambalo nusu yake haifunguki, na mbele yake, umbali ambao mtu mrefu akinyoosha mkono anakaribia kuufikia, umepita waya wa umeme unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo. Nayataja haya yote kwa sababu bei ya kusafisha dirisha haitokani na ukubwa wa kioo peke yake.

Kabla ya vijana hawa niliwasiliana na watu wengine waliokuwa wakijitangaza mtandaoni, na wote walifanana kwa jambo moja: walitaja bei kabla ya kuuliza swali lolote. Mmoja alisema shilingi 60,000 kwa nyumba nzima, akaahidi kufika saa mbili asubuhi. Saa tatu alikuwa njiani, saa nne alikuwa kwenye foleni ya Mwenge, na kuanzia saa tano simu yake haikupatikana tena. Mwingine alifika kweli, akazunguka nyumba, akainua macho kutazama madirisha ya juu, akasema anakwenda dukani kununua ndoo. Alituachia kitambaa chake juu ya ukuta wa kibaraza, na hadi leo hakijafuatwa.

Inaelezwa mara nyingi kwamba watu wa namna hiyo ni wavivu au si waaminifu, lakini mimi naona hesabu ndiyo iliyowashinda. Kwa 60,000, mtu akikodi kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, cha kubebea ngazi kwenda na kurudi kwa 25,000, akanunua sabuni na vitambaa vya 5,000, kisha akala na mwenzake kwa 10,000, kinachobaki ni 20,000 ya watu wawili walioshinda juu ya ngazi kutwa nzima. Akiyaona madirisha kwa macho yake anagundua kwamba bei aliyoitaja mwenyewe haimlipi, na kwa kuwa anaona aibu kurudi kwenye mazungumzo, anazima simu. Hasara inabaki kwa mteja aliyeacha shughuli zake kumsubiri, tena bila maelezo yoyote yatakayomsaidia kumtafuta mwingine.

Kiongozi wa vijana ninaowaandikia tathmini alianza tofauti. Katika simu aliuliza idadi ya madirisha, kama nyumba ina ghorofa, kama grili ziko ndani au nje, kama vioo vimebandikwa tinti, na kama kuna maji ya DAWASA au ni ya kisima tu. Akasema nyumba ya namna yangu huwa kati ya 150,000 na 200,000, kwamba bei kamili ataitoa akishaona, na kwamba hawatoki kwa kazi iliyo chini ya 50,000 hata ikiwa ni dirisha moja, kwa sababu gari la ngazi hulipwa vilevile. Bei hiyo ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza, lakini ilikuwa bei ya kwanza niliyopewa baada ya maswali.

Walifika kwa muda waliosema. Kiongozi wao alinisalimia, "Shikamoo mama," kisha akaomba kuzunguka nyumba peke yake kabla wenzake hawajashusha kitu chochote kwenye gari. Aliporudi alitaja 165,000, na papo hapo akaongeza kwamba kuna madirisha mawili ambayo bei hiyo inaweza isiyahusu.

La kwanza lilikuwa la chumba cha watoto. "Mama, hili hatuligusi kwa nje," alisema. "Ngazi yetu ni ya alumini, na ule waya uko pale pale tutakaposimamisha." Nilimwambia nitaongeza 20,000, kwa kuwa dirisha hilo ndilo lililokuwa chafu kuliko yote. Akajibu kwa upole kwamba fedha haihusiki: ngazi ikiteleza kidogo tu au upepo ukiisukuma inafika kwenye waya, na mti mrefu wa kusafishia nao huwa umelowa maji. Nilipouliza kama tungeweza kuzima umeme kwenye swichi kuu, alinieleza jambo ambalo wenye nyumba wengi hulisahau, kwamba swichi hiyo hukata umeme unaoingia ndani, lakini waya unaotoka kwenye nguzo hubaki na umeme hadi TANESCO wenyewe waukate. Alishauri niwaombe TANESCO waje kuangalia njia ya waya huo, na akasema ukisogezwa watakuja kulisafisha wakiwa wanapita kwa mteja mwingine wa maeneo haya.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri kuwalinda watu wake na hatari kama hizi. Vijana watatu wenye ngazi yao hawana mwajiri wa kuwakumbusha, na mteja anayeongeza noti mkononi ndiye kishawishi kikubwa walicho nacho siku hiyo, hivyo kijana wa umri wake kusimama imara mbele ya mama mwenye nyumba si jambo dogo.

Dirisha la pili lilikuwa kile kioo cha sebuleni kinachorukiwa na maji ya kisima, na hapa niliona utaalamu wake. Alikilowesha kioo, madoa meupe yakapotea. Akakikausha, yakarudi yote. Akapitisha ukucha juu yake, kisha akaniomba nami nifanye vivyo hivyo, na kweli palikuwa panakwaruza. Akachovya kitambaa kwenye siki, akakibandika pembeni mwa kioo kwa dakika chache na kusugua. Sehemu ya doa iliondoka, nyingine ikabaki vilevile. Akaeleza kwamba kilichoondoka ni chokaa iliyoachwa juu ya kioo maji yalipokauka, na kilichobaki ni mahali ambapo kioo chenyewe kimeshaliwa, na hapo hakuna sabuni itakayosaidia; panahitaji kung'arishwa kwa mashine na unga maalumu, kazi ambayo wao hawaifanyi. Akasema watakiosha kioo hicho kama vingine, wataondoa chokaa inayokubali siki, lakini hawatatoza wala kuahidi chochote kuhusu madoa, na akanitaka nikubali hivyo mbele ya wenzake.

Niliuliza kuhusu wembe wa kukwangulia, kwa kuwa nimeona wengi wakiutumia. Alinionyesha muhuri mdogo kwenye kona ya kioo, unaoonyesha kwamba kimepitishwa kwenye tanuri ili kiwe kigumu. Vioo vya aina hiyo wakati mwingine hutoka kiwandani na chembe ndogo sana zilizogandia juu yake, na wembe ukizikokota huchora mistari isiyofutika. Maelezo hayo yalinikumbusha nyumba ya ndugu yangu mmoja huko Tegeta, ambako wasafishaji wengine walikubali kila alichowaomba, wakakwangua matone ya saruji kwenye vioo vipya kwa wembe, na sasa kila jua la alasiri likipiga, mikwaruzo inaonekana kuanzia pembe hadi pembe. Wale hawakukataa chochote, na bei yao ilikuwa nzuri.

Yalifuata mazungumzo ya bei. Baada ya kuondoa dirisha la waya alishusha hadi 155,000. Mimi nikataja 130,000. "Mama, hapo tutakuwa tumekusaidia, hatujafanya kazi," alijibu, na wote tukacheka, lakini hakuwa anatania: alikuwa ameshamwonyesha dereva ishara ya kusubiri, na ngazi ilikuwa bado imefungwa kwenye gari. Hakukunja uso wala kulalamika kwamba nimempotezea muda. Alisema tu kwamba kwa bei hiyo watalazimika kuacha nyavu au reli, na wao hawapendi kuacha nyumba nusu nusu. Tukakubaliana 150,000.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Walitoa nyavu zote, wakaandika namba kwa chaki nyuma ya kila fremu ili zirudi mahali pake, na kwenye wavu mmoja waliniita nione kwamba ulikuwa umechanika kabla hawajaugusa. Reli walizipiga brashi kavu kwanza, kwa sababu mchanga ukiloweshwa mapema hugeuka tope, kisha wakazibua kwa kipande cha waya yale matundu madogo ya chini ambayo hutoa maji nje wakati wa mvua. Kwa muda mrefu nilidhani madirisha yangu ya nyuma yanavuja kwa sababu ya mpira mbovu, kumbe matundu yalikuwa yameziba. Vioo walivisugua kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, wakavuta maji kwa mpira wenye mpini, wakiufuta kila baada ya mvuto mmoja, na kumalizia kingo kwa kitambaa kikavu. Maji ya kisima waliyatumia kwenye nyavu tu. Kwa vioo walichota ya DAWASA kwenye tangi. Kulikuwa na michirizi kwenye dirisha la bafuni juu, nikawaonyesha, wakarudia kabla sijalipa.

Sasa kasoro. Kwanza, yote waliyoyakataa yangeweza kuonekana kwenye picha, na hawakuniomba picha. Kama ningekuwa nawaita kwa ajili ya dirisha la chumba cha watoto peke yake, gari lingekuja na kurudi bure. Pili, niligundua nikiwa nalipa kwamba wakifika na kazi isipofanyika hudai 15,000 za nauli. Naiona kuwa haki yao, kwa kuwa kirikuu hakiji kwa hisani, lakini jambo hilo linapaswa kusemwa katika simu ya kwanza pamoja na ile 50,000 ya chini kabisa. Mteja mwingine angelisikia mlangoni na pakazuka ugomvi. Tatu, hawatoi risiti, na mtu anayesimamia nyumba ya kupangisha au ofisi atapata taabu kuingiza malipo yao kwenye vitabu.

Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano. Nimekwisha kuwaita tena, safari hii kwa kutuma picha mwenyewe bila kuombwa, na bei ilitajwa kwenye simu na haikubadilika walipofika. Anayekaribia kuwatumia awatafute mapema kabla ya Idi na Krismasi, wakati ambapo hukataa kazi nyingi kuliko wanazopokea, na awaeleze yote yaliyo uani, wakiwamo mbwa: jirani yangu wa kulia alikataliwa kwenye simu kwa sababu mbwa wake hufunguliwa mchana, na alipokubali kumfungia walikwenda siku iliyofuata kwa bei ileile.