Spika za KEF LS50 Meta: omu 8 za kwenye karatasi

Spika za KEF LS50 Meta, zilizotolewa na kampuni hiyo ya Uingereza mwaka 2020, zinauzwa kuwa za omu 8, lakini karatasi ya vipimo inaongeza kwamba impedansi yake (ukinzani wa spika dhidi ya umeme, unaopimwa kwa omu) hushuka hadi omu 3.5, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kutulia. Omu 8 ni kadirio la jumla tu, kwa kuwa impedansi hupanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti, yaani uzito au wembamba wake. Inaposhuka, amplifaya hulazimika kutoa mkondo mkubwa zaidi wa umeme kwa volti zile zile, na isiyo na uwezo huo hupata joto, hutoa sauti yenye mikwaruzo au hujizima. Usikivu wa spika hizi, yaani ukubwa wa sauti zinayotoa kwa kiasi fulani cha umeme, nao ni desibeli 85, kiwango cha chini. Kwa hiyo amplifaya ndogo ya bei nafuu, iliyoandikwa "omu 6–16" karibu na matundu ya nyaya, nisingeiunganisha nazo kwa sauti ya juu. Zikipata amplifaya inayohimili omu 4, sauti ya mwimbaji hutoka safi ajabu, ingawa besi ya koni ya milimita 130, kama ilivyotarajiwa, haijazi sebule kubwa.