Nimefunga pampu ya petroli ya ndani ya tangi kwenye Chevrolet C10 ya 1970: pampu safi, vikorokoro vyake ndo shida

Nyota 4 kati ya 5, na ile moja nimeikata kwa sababu ya kipande cha mpira kisichozidi inchi 5. Ntafika huko.

Gari ni pikapu Chevrolet C10 ya 1970, nimeichukua hapa Texas kwa mzee mmoja, ilikaa kwenye banda lake miaka mingi inafugia kuku tu. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 350. Nikang'oa kabureta nikaweka EFI, yaani mfumo wa kunyunyiza petroli unaoongozwa na kompyuta, zile zinazokaa palepale kabureta ilipokuwa, sasa hiyo EFI inataka presha ya psi 58 (pauni kwa kila inchi ya mraba) na ile pampu ya zamani iliyofungwa ubavuni mwa injini ikijitahidi sana inakupa psi 7. Kwa hiyo lazima pampu ya umeme. Mwanzoni nikaona kutoboa tangi ni kazi ya vichaa nikafunga pampu ya nje, kule chini kwenye fremu, aisee kelele yake ni kama umefungia nyuki kwenye kopo la maziwa, halafu ukifika mwezi wa nane huku Dallas joto nyuzi 38 au 40 unakaa kwenye foleni dakika 20 gari inaanza kukohoa, inazima, unasukuma pembeni unafungua boneti watu wanakupita wanakuangalia kwa huruma. Ikipoa inawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Shida ya pampu ya nje ni kwamba inavuta, na petroli ikivutwa kwenye paipu iliyopata moto inachemka mapema kuliko kawaida, yanakuwa mapovu, na pampu haiwezi kusukuma mapovu. Petroli ya huku nyingi ina ethanoli mpaka asilimia 10, nayo haisaidii. Pampu ikiwa imezama ndani ya tangi haina haja ya kuvuta, yenyewe inasukuma tu, na mafuta yaliyoizunguka ndo yanaipoza. Ndo maana magari karibu yote ya EFI ya siku hizi pampu iko ndani ya tangi.

Basi nikaagiza seti, dola 280 na kidogo. Jina la kampuni nalihifadhi. Ndani kuna pampu ya lita 255 kwa saa, mkono wa kuishikilia ambao unaukata kulingana na kina cha tangi lako, mfuniko wa alumini wenye matundu matatu (mafuta kwenda, mafuta kurudi, na pumzi), gasketi, floti (boya linaloiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani), na ile soksi ya kuchuja chini. Mfuniko umechongwa vizuri mno, kwa hilo nawapa heko.

Sasa kwenye hizi C10 za 1967 mpaka 1972 tangi halipo chini ya gari. Liko ndani ya kabini, nyuma ya siti, yaani unaendesha huku umeegemea petroli. Kuanzia 1973 GM, wenye Chevrolet, wakalitoa nje wakaliweka ubavuni, nje ya fremu, nako wakaja kushtakiwa weee kwa sababu ya ajali za kugongwa pembeni, lakini hiyo stori nyingine. Ninachosema ni kwamba karatasi ya maelekezo ya hii seti imeandikwa kama vile matangi yote yako chini ya gari, hakuna hata mstari mmoja kuhusu tangi la ndani, wakati hapo ndipo mtu anapoweza kuumia.

Kutoboa. Jamani tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, mvuke unabaki hata kama limekauka miaka. Mimi nililitoa, nikaliosha kwa maji moto na sabuni mara tatu, nikaliacha wazi juani wiki mbili, halafu nikalijaza maji mpaka karibu na juu ndo nikatoboa kwa drili ya upepo na msumeno wa duara, polepole, huku namwagia mafuta ya kukatia. Grainda usiisogeze hata karibu. Mshikaji wangu wa Moshi alikuja kusaidia akasimama mita kama 10 hivi, eti anashika kizimamoto. Ukimaliza mwaga maji, vuta vyuma vyote kwa sumaku, kausha haraka na upake mafuta maana kutu inaanza siku hiyohiyo.

Haya, ule mpira. Kipande kinachounganisha pampu na mfuniko kinakaa NDANI ya petroli, kinaoga nje na ndani, kwa hiyo kinatakiwa kiwe mpira wa kuzamishwa, huwa umeandikwa J30R10. Kilichokuja kwenye seti kimeandikwa J30R9. Huo ni mzuri tu kwa EFI, presha unaihimili, lakini ni wa kupita mafuta ndani, nje yake haijatengenezwa kuloweka kwenye petroli, unalainika unavimba baadaye unapasuka na wewe hujui, unaona tu presha inashuka ukaanza kulaumu pampu. Nilinunua futi moja ya R10, ni ghali kweli, futi moja tu unalipia kama umenunua roli zima la mpira wa kawaida. Na klipu zao za skrubu, zile zinazokwangua mpira, nikazitupa nikaweka zile za kubana mzunguko mzima. Mtu anakuuzia kitu cha dola 280 halafu anabania hapo? Hiyo ndo nyota iliyokatwa.

Floti nayo ilinichekesha. Ilikuja ya ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, wakati geji ya GM ya miaka hii inasoma 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa. Kwa hiyo mafuta yakiisha mshale unapita kwenye F (limejaa), ukijaza mpaka juu unaonyesha kama theluthi. Wiki nzima naendesha kwa hesabu za kichwa. Nikaagiza ya 0 kwa 90, matundu matano ya boliti yaleyale, ikaingia bila shida.

Baada ya hapo harufu. Nilipojaza tangi mara ya kwanza kabini ikanuka petroli mpaka macho yanawasha. Hapo kosa langu, boliti za mfuniko nilizikaza kwa kuzunguka kama kufunga sufuria badala ya kuruka moja kwenda ya upande wa pili, gasketi ikakaa upande. Nikafungua nikakaza upya kidogokidogo, ikaisha. Mpira wa pumzi nimeupitisha sakafuni ukatokea nje na una vali ya kuzuia mafuta yasimwagike gari ikipinduka. Huo usiuache ndani hata kwa siku moja! Na kabla hujarudisha siti, jaza tangi, washa pampu, pitisha tishu kila kiungo.

Umeme nimevuta waya mnene toka betri, fyuzi, rilei (swichi ya umeme) inayoamriwa na kompyuta ya EFI, na swichi ya kukata mafuta gari ikigongwa, hii nimeing'oa kwenye Ford ya zamani pale kwenye makaburi ya magari.

Kiangazi kimepita chote. Haijazima hata mara moja, kelele yake unaisikia ukiweka sikio kwenye siti tu. Kitu kimoja, tangi langu halina ukuta ndani wa kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja, likiwa chini ya robo nikikata kona kwa nguvu injini inashtuka kidogo kwa hiyo sishushi chini ya hapo.

Ningeanza upya ningefanyaje? Pampu ningechukua ileile, ila tangi la miaka zaidi ya 50 nisingelitoboa, ningenunua jipya ambalo limekuja na tundu lake na ukuta ndani, yapo ya C10 kibao. Ile floti ya ohm 240 bado ninayo, kama kuna mtu huku Dallas ana geji inayosoma hivyo aje aichukue bure.