Duka la mboga za kilimo hai Malindi: mboga nzuri, safari mbaya

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikinunua mboga katika duka dogo lililo nyuma ya soko la zamani la Malindi, ambalo kibao chake kinadai kwamba hakuna kiuzwacho humo kilichopuliziwa dawa ya kiwandani. Nilianza kwenda nikiwa na shaka, maana siku hizi kila muuza papai hujiita mkulima wa kilimo hai.

Shaka yangu iliondolewa na daftari. Kila tenga linaposhushwa huandikiwa jina la kikundi cha wakulima, kijiji na siku ya kuvuna, na mteja akitaka kuliona daftari hilo huonyeshwa bila kununiwa. Wakulima hao, wengi wao wa kandokando ya Mto Sabaki, hukaguana wenyewe, na mmoja akikutwa na dawa iliyokatazwa huhatarisha alama ya Kilimohai ya kikundi kizima, alama inayofuata kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mwaka 2007. Mimi naona ukaguzi wa jirani una macho makali kuliko wa mgeni ajaye mara moja kwa mwaka.

Mboga zenyewe hazina lawama asubuhi. Mabenda hukatika ncha kwa mlio, na mtsunga una ule uchungu wake wa kweli. Nilipouliza kuhusu matundu kwenye majani ya mnavu, mama anayeuza alicheka: "Mdudu keshaonja, mwanangu, wewe waogopa nini?" Alasiri ni habari nyingine. Mara mbili nilikuta mchicha umelala kama kitambaa kilicholowa, kwa kuwa mzigo husafiri juani kwa bodaboda na duka halina chumba baridi.

Bei nayo inauma: fungu la mchicha ni shilingi 40, na sokoni nalipata kwa 20. Nilimlaumu mama huyo mpaka aliponipigia hesabu ya mkulima. Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kiwandani hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha hadi 2,500 mwaka 2023, na mkulima aliyesajiliwa huletewa ujumbe kwenye simu aende ghalani kuchukua. Wakulima wake, wasioruhusiwa mbolea hiyo, hununua samadi ya mbuzi kutoka Marafa, hulipa pikapu ya kuibeba na vibarua wa kuigeuza hadi iwe mboji, na hakuna ujumbe wowote unaolia. Mwarobaini wa kufukuza wadudu ni wa bure, lakini kuutwanga si bure.

Kwa kuwa Katiba ya 2010 iligatua kilimo, dai langu naliweka mlangoni pa kaunti: chumba baridi cha umeme wa jua karibu na Sabaki, na mboga hizi zinunuliwe kwa jikoni za hospitali zake. Asilimia 30 ya zabuni za umma tayari imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na majina mengi niliyoyasoma katika lile daftari ni ya wanawake.

Mzigo hushuka Jumanne na Ijumaa. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, uchukue kikapu chako, na nyanya uziache, husagika njiani.