Kipeperushi cha Afande: Tathmini ya Kampeni Moja ya Uwakilishi wa Jimbo mjini Lewiston, Maine

Kwa muda wa miezi miwili nimepokea, bila kuagiza, huduma kamili ya kampeni ya mgombea mmoja wa Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Maine, Marekani: kipeperushi sandukuni, ziara mlangoni, tovuti, na jioni moja ya maswali na majibu katika ukumbi wa maktaba. Mgombea mwenyewe ni mzaliwa wa hapa Lewiston, aliwahi kuwa mwanajeshi, na sasa ni polisi katika mji jirani. Jina lake na chama chake sitavitaja, kwa kuwa sikusudii kumpigia debe wala kumwangusha. Ninachopima ni kile alichotuletea sisi wapiga kura tunaosoma Kiswahili.

Nianze na kipeperushi, kwa sababu ndicho kilichotufikia kwanza na ndicho kibovu kuliko vyote. Karatasi ni nzito, rangi hazichuji, upande mmoja ni Kiingereza na wa pili Kiswahili. Kichwa cha upande wetu kinasema: "Mkongwe wa ndani na afisa wa polisi anakimbia kwa Nyumba ya Jimbo." Nilimsomea mama mkwe wangu sentensi hiyo kwa sauti, naye akaniuliza maswali matatu ambayo mfasiri alipaswa kujiuliza kabla ya kazi kwenda kuchapwa: mkongwe huyo ana umri gani, anakimbia nini, na nyumba hiyo ni ya nani.

Ninafundisha watoto wetu Kiswahili siku za Jumamosi, kwa hiyo naomba nivumiliwe nikikaa kidogo kwenye neno hilo la kwanza. Nchini Marekani, mtu aliyetumikia jeshi na kuruhusiwa bila fedheha, hata kama alitumikia miaka 4 tu akiwa kijana, hubeba jina la heshima, "veteran", maisha yake yote, na jina hilo huambatana na haki za matibabu, masomo na mikopo ya nyumba. Hapa Maine heshima hiyo ina mizizi mirefu: makao ya Togus, karibu na Augusta, yalifunguliwa mwaka 1866 kwa ajili ya askari walioumia katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na hadi leo yanahudumia wanajeshi wa zamani. Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote hayo. Ukisema "mkongwe", umemzeesha mtu ambaye bado anacheza mpira na wanawe. Ukisema "mstaafu", umempa pensheni asiyokuwa nayo. Wazee wetu waliorudi kutoka Burma waliitwa Keya, kwa jina la kikosi chao, na hakuna aliyeona haja ya kutaja umri wao. "Mwanajeshi wa zamani" lingetosha kabisa.

"Afisa wa polisi" nalo linapotosha, ijapokuwa kila neno ndani yake ni sahihi. Kwetu afisa ni mtu mwenye cheo, anayepigiwa saluti na wenzake, na msomaji wetu hudhani mgombea ni mkuu wa kituo. Marekani kila polisi huitwa hivyo, hata aliyeajiriwa wiki iliyopita. Huyu wetu hufanya doria za usiku, na angejiita askari polisi angepata heshima yake yote bila kuongezewa nyota begani.

Kosa lililoniudhi zaidi halihusu tafsiri. Kipeperushi kina picha mbili kubwa, moja ya sare ya jeshi na nyingine ya sare ya polisi, na chini ya ile ya jeshi, upande wa Kiingereza, kuna maandishi madogo yanayoeleza kwamba picha hiyo haimaanishi kuwa Wizara ya Ulinzi inamuunga mkono. Ufafanuzi huo ni takwa la kanuni za wizara yenyewe. Upande wa Kiswahili, ufafanuzi huo haupo. Sasa fikiria ni nani anayeuhitaji zaidi. Mama mkwe wangu alitoka Fizi, mashariki mwa Kongo, akaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, na katika maisha yake yote askari aliyeleta karatasi nyumbani hakuwahi kuwa anaomba chochote. Alipoziona zile picha, alichouliza kwanza ni kama tumeshtakiwa. Kwa msomaji wa namna hiyo, sentensi inayosema kwamba jeshi halimo katika jambo hili ndiyo iliyopaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote.

Kuna tena suala la usafi. Kipeperushi kinamtaja kuwa "mgombea msafi" na kuomba kila msomaji dola 5. Jirani yangu Mrundi alicheka hadi akakaa chini, akisema kwamba alikotoka mgombea ndiye hugawa kanga na kofia, wala haji kuomba nauli kwa mpiga kura. Jambo lenyewe ni zuri na lilistahili aya nzima. Mwaka 1996 wapiga kura wa Maine walipitisha sheria ya Uchaguzi Safi, iliyoanza kutumika katika uchaguzi wa 2000, ambayo humruhusu mgombea kuendesha kampeni kwa fedha za umma badala ya michango ya matajiri. Ili astahili, anayewania Baraza la Wawakilishi hukusanya michango isiyopungua 60 ya dola 5 kutoka kwa wapiga kura walioandikishwa katika eneo lake, na anayewania Seneti hukusanya 175. Zile dola 5 haziingii mfukoni mwake, bali huenda katika mfuko wa jimbo, zikiwa ushahidi kwamba watu halisi wanamtambua. Kwa sisi tuliozoea takrima hii ni habari kubwa, na imefukiwa chini ya neno moja linaloonyesha kwamba mgombea ameoga na wapinzani wake bado.

Kipeperushi nakipa nyota moja, na hiyo ni ya karatasi.

Ziara ya mlangoni ilinifanya nibadili mawazo. Maine ilikuwa na watu 1,362,359 katika sensa ya 2020, na Baraza la Wawakilishi lina viti 151, kwa hiyo mwakilishi mmoja ana watu wapatao 9,000. Mbunge wa Tanzania hubeba watu laki kadhaa na huonekana juu ya gari lenye vipaza sauti. Huyu anaweza kufika kila nyumba kwa miguu, na kwetu alifika hivyo, Jumamosi alasiri, peke yake, bila sare. Alibisha, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kusubiri, jambo dogo ambalo nililiona mara moja. Mama akamwambia, "Karibu, afande," akampa chai ya maziwa, na mazungumzo yakachukua karibu nusu saa, mimi nikiwa mkalimani.

Mama alitaka kujua kama akichaguliwa ataacha kukamata watu. Jibu lilikuwa wazi kuliko lolote lililoandikwa kwenye kipeperushi: uwakilishi hapa ni kazi ya muda, muhula ni miaka 2, na mtu hawezi kushika kiti zaidi ya mihula 4 mfululizo. Vikao vya mwaka wa kwanza huendelea hadi katikati ya Juni na vya mwaka wa pili hadi katikati ya Aprili, na katika miezi hiyo angeomba likizo bila malipo, kisha angerudi kwenye doria. Nilimuuliza kama haoni tatizo polisi kutunga sheria za polisi. Alikubali kwamba tatizo lipo, na akasema hataomba kuingia katika kamati ya haki ya jinai na usalama wa umma, ila angependa ile inayoshughulikia wanajeshi wa zamani. Kamati hizo huwa na wajumbe 13, yaani wawakilishi 10 na maseneta 3, na mbele yake mkazi yeyote anaweza kusimama kuzungumzia mswada. Hilo la mwisho lilimshangaza mama kuliko yote, na alimfanya alirudie. Nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu aliondoka bila kuacha karatasi yoyote inayoeleza haya aliyotuambia.

Tovuti haina mengi. Kitufe cha Kiswahili kipo, nacho hukufikisha kwenye kipeperushi kilekile.

Jioni ya maktaba ndiyo iliyonionyesha mtu mwenyewe. Katika mji huu, mgombea aliyevaa sare zote mbili hawezi kulikwepa swali la tarehe 25 Oktoba 2023, usiku ambao watu 18 waliuawa kwa risasi katika ukumbi wa boling na katika baa. Muuaji alikuwa askari wa akiba. Tume huru iliyoundwa baada ya mauaji hayo ilieleza mwaka 2024 kwamba ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ilikuwa na sababu za kutosha kumchukua chini ya ulinzi kabla ya siku hiyo, na kwamba wakubwa wake jeshini nao hawakuchukua hatua walizopaswa kuchukua. Mwanamke mmoja wa Kisomali alisimama akauliza bila kupandisha sauti: sare zako mbili ndizo zilizotuangusha, kwa nini unatuletea zote mbili?

Alinyamaza kidogo, kisha akaiweka kando karatasi aliyokuwa akiisoma. Alieleza jinsi sheria ya Maine iitwayo bendera ya njano, ya kumwondolea silaha mtu anayehofiwa kuwa hatari, ilivyofanya kazi: polisi lazima amchukue mhusika chini ya ulinzi, mtaalamu wa afya ampime, na hakimu ndipo aamue kama silaha ziondolewe. Alikiri kwamba mnyororo huo ukikatika kwa polisi umekatika wote. Alikiri pia kwamba mwezi Novemba 2025, wapiga kura walipopitisha sheria inayoiruhusu familia kwenda mahakamani moja kwa moja, yeye alipiga kura ya hapana, na kwamba sasa kazi yake ingekuwa kuhakikisha mama asiyesoma Kiingereza anaweza kuijaza fomu hiyo. Mwanamke yule hakupiga makofi, ila aliandika kitu katika daftari lake. Mimi sikuwa upande wa mgombea katika kura ile, na bado naona hilo lilikuwa jibu la mtu mzima. Alipoulizwa juu ya kodi za nyumba, alirudi kwenye karatasi yake na kusoma kama mwanafunzi.

Kwa wasomaji watakaopiga kura, kipeperushi kinawaagiza kuwapanga wagombea kwa namba, kuanzia unayempenda zaidi, bila kusema ni lini. Kuwapanga huko hutumika katika mchujo wa Juni, ambapo kila chama humchagua mgombea wake, iwapo wagombea ni watatu au zaidi. Mwezi Novemba, kwa kiti hiki, unachagua mmoja tu. Na tangu 2024, asiyejiandikisha katika chama chochote anaruhusiwa kushiriki mchujo wa chama kimoja anachokipenda.

Baada ya kikao nilimkabidhi nakala ya kipeperushi chake niliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama ninavyofanya kwa madaftari ya Jumamosi. Wiki iliyopita toleo jipya lilifika sandukuni. "Mkongwe" ameondoka, "Nyumba ya Jimbo" imekuwa Baraza la Wawakilishi, na ile sentensi ya Wizara ya Ulinzi imo, tena kwa herufi zinazosomeka. "Anakimbia", badala ya "anagombea", bado lipo palepale. Nilitaka kumwandikia tena, lakini mama amenikataza. Anasema polisi asiyekimbia atamkamata nani?